Matundu Madogo Hayasubiri

Ken Okoth alipofariki tarehe 26 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 41, Kibera ilimlilia mtoto wake wa kumzaa. Alizaliwa humo, akasoma shule ya msingi ya Olympic, akapata nafasi Starehe, akaenda Marekani kwa masomo, akarudi na kuwa mbunge wa kwanza wa jimbo la Kibra baada ya eneo hilo kutengwa na Lang'ata mwaka 2013. Februari ya mwaka wake wa mwisho, akiwa Paris kwa matibabu, aliwaeleza Wakenya waziwazi kwamba ana saratani ya utumbo mpana na puru, na kwamba imefika daraja la nne. Mwezi huohuo wa Julai nchi ilikuwa imempoteza Bob Collymore wa Safaricom, na siku tatu baada ya Okoth ikampoteza Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Wote saratani. Lakini watu wa Makina na Laini Saba, huko Kibera, hawakunijia na habari za Collymore wala za Laboso. Walitaka kujua puru ni kitu gani, na imekuwaje imuue kijana aliyekula chakula kilekile walichokula wao.

Mimi ni mzaliwa wa Makina, binti wa Wanubi, na maisha yangu ya kazi niliyamaliza nikiwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Niliolewa Kawangware na ndiko ninakoishi hadi leo, ingawa Kibera sijaihama moyoni wala miguuni. Katika mitaa hii muuguzi hastaafu. Mlango wangu hubishwa na mama mwenye mtoto wa homa, kijana aliyekatwa na bati, mzee anayetaka kusomewa karatasi ya hospitali. Baada ya msiba wa Okoth walianza kuja wanaume. Walikaa, wakanywa chai, wakazungumzia bei ya unga, na chai ilipokwisha ndipo waliposema walichokijia: "Sista, mimi pia naona damu."

Damu hiyo mtaani imeshapewa majibu yake. Ni amiba. Ni taifodi. Ni bawasiri. Ni pilipili ya jana. Duka la dawa litakuuzia vidonge kabla hujamaliza kueleza, na kwa kuwa amiba na taifodi zipo kweli mahali ambapo maji safi na choo ni shida, jibu hilo huwa sahihi mara za kutosha kuaminika. Saratani ya puru, yaani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hujificha nyuma ya ukweli huo. Damu hutoka wiki mbili, ikakoma, na mtu akajiona amepona. Kisha choo kinabadilika, leo kuharisha kesho kufunga; mtu anatoka chooni na bado anahisi haja; suruali inalegea kiunoni; nguvu zinapungua. Na kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: choo chetu cha ploti kina giza. Mtu anayechuchumaa juu ya shimo alfajiri, na foleni ikimsubiri nje, haoni alichotoa. Wengi huambiwa waangalie damu kwenye choo na watu wasiojua choo chenyewe kikoje.

Madaktari nao walifundishwa kutoutarajia ugonjwa huu kwetu. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, na ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu sana kwa Waafrika wa vijijini, akaihusisha hali hiyo na vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Aliyoyaona aliyaona kweli, sina ugomvi naye. Ila vizazi vya madaktari vilisoma kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, na somo hilo likaendelea kuishi vichwani baada ya vyakula kubadilika na watu kuhamia mijini. Leo saratani ya utumbo mpana na puru ni miongoni mwa saratani tano zinazoongoza Kenya. Marehemu Profesa Hassan Saidi, aliyefundisha anatomia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwapasua wagonjwa hawa kwa mikono yake, aliandika pamoja na wenzake kuhusu jambo ambalo sisi wa wodini tulikuwa tukiliona kila wiki: wagonjwa wetu ni vijana kuliko wale wa Ulaya, na wengi wanafika ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Mmoja wa waliofika wamechelewa alikuwa baba yangu mdogo.

Alikuwa seremala, akitengeneza vitanda na makabati kando ya Barabara ya Ngong. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alitokwa na damu kwa muda mrefu. Kliniki moja ya mtaani ilimtibu amiba, kisha amiba tena, kisha bawasiri, na hakuna aliyemwambia alale ubavu apimwe kwa kidole. Nyumbani hatukujua, maana mwanamume wa rika lake hamwelezi binti wa kaka yake habari za choo. Siku alipofikishwa hospitali kubwa, daktari kijana alivaa glavu, akampima, na kwa muda usiozidi dakika moja akaugusa uvimbe uliokuwa umetibiwa kwa vidonge karibu mwaka mzima.

Alipasuliwa kwa njia iliyoelezwa na William Ernest Miles huko London mwaka 1908. Tumbo lilifunguliwa kutoka juu ya kitovu hadi chini, na mpasuaji mwingine akakata kutokea nyuma. Puru yote ikatolewa pamoja na njia ya haja kubwa, na mwisho wa utumbo ukatolewa nje upande wa kushoto wa tumbo ili choo kiingie mfukoni maisha yake yote. Upasuaji huo ulimponya, na ninalisema hilo kwa shukrani. Aliishi miaka mingi baada yake na saratani haikurudi.

Wanaoandika kuhusu upasuaji huandika habari za wodini: damu ilipotea kiasi gani, mgonjwa alikula siku ya ngapi, aliruhusiwa lini. Mimi nataka kuandika habari za chumba cha futi kumi kwa kumi, nyumba ya mabati, kitanda nyuma ya pazia na watoto wamelala sakafuni. Mfuko wa choo unahitaji maji, na maji Makina yalikuwa ya kununua, mtungi wa lita ishirini. Unahitaji mahali pa kuumwagia, na choo cha ploti kilikuwa na foleni. Unahitaji mfuko mwingine wa kubadilisha, na mifuko halisi iliuzwa ghali mjini, kwa hiyo aliufua mmoja mpaka gundi ikaisha, na ulipokwisha mama mdogo alifunga karatasi ya nailoni na kitambaa. Ngozi iliungua. Usiku akisikia mfuko umelegea aliamka gizani, akajisafisha kwa kopo, akarudi kulala bila kumwamsha mtu. Baadaye alijijengea kipembe cha plaiwudi kwenye kona ya chumba, chenye rafu ya sabuni na msumari wa taulo, kazi safi ya fundi, na humo ndimo alimopata heshima yake tena.

Msikiti ndio uliomtesa zaidi. Aliacha kwenda kwa sababu ya sauti ya mfuko na hofu ya harufu, na kwa sababu alidhani udhu wake hausimami. Imamu alipopata habari alimfuata nyumbani, akamweleza kwamba mwenye udhuru wa kudumu hutawadha kwa kila wakati wa swala na swala yake ni sahihi. Ijumaa iliyofuata alirudi safu ya nyuma, karibu na mlango. Mambo mengine hayakurudi. Hakuweza tena kubeba mbao nzito, maana tumbo lilikuwa limetuna kando ya utumbo uliotolewa nje. Na unyumba ulikwisha, kwa kuwa neva zinazohusika na mkojo na unyumba hupita ubavuni mwa puru na ni rahisi kukatwa na mkono usioziona. Hilo aliniambia kwa mzunguko, mara moja tu, akiniangalia kama muuguzi na si kama mwanawe: "Mwanangu, ugonjwa wameutoa. Wameniachia kazi isiyo na siku ya mapumziko."

Wakati akiniambia hivyo, elimu ya kuyapunguza mateso hayo ilikuwa tayari duniani. Mpasuaji Mwingereza Richard Heald, aliyefanya kazi katika mji wa Basingstoke, aliandika mwaka 1982 kwamba puru imezungukwa na mfuko wa mafuta wenye mishipa na tezi, na kwamba saratani hurudi kwa sababu mpasuaji anaupasua mfuko huo na kubakiza vipande vyake. Akaonyesha kwamba kati ya mfuko huo na kuta za nyonga kuna utando mwembamba usio na damu, na anayeufuata utando huo kwa subira huitoa puru na mafuta yake vikiwa kitu kimoja kizima, huku neva zikibaki salama. Kurudi kwa saratani nyongani kulipungua sana kwa wagonjwa wake. Nilimweleza baba mdogo kwa lugha ya kazi yake: mbao ina mkondo wake, na fundi anayepasua kwa kuufuata mkondo hapati vibanzi. Alitikisa kichwa, akasema kwa hiyo ni fundi, si msumeno. Bado naliona jibu hilo kuwa sahihi kuliko mihadhara mingi niliyowahi kuhudhuria.

Kisha yakaja matundu madogo. Mwaka 1987 Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, alitoa kifuko cha nyongo kwa kamera iliyopitishwa kwenye matundu madogo ya tumbo, na miaka michache baadaye, mwaka 1990, Moises Jacobs wa Miami akatoa kipande cha utumbo mpana kwa njia hiyo. Katika vyumba vyetu vya Nairobi kamera ilianza na magonjwa ya wanawake, ikaenda kwenye nyongo na kidole tumbo, na puru ikasubiri sana. Nyonga ni shimo jembamba, na la mwanamume ni jembamba zaidi. Mimi nilikuwa nimezoea upasuaji wa wazi, ambapo muuguzi na daktari mwanafunzi hushika vyuma vya kupanulia tumbo na kuvivuta mpaka mikono ife ganzi, huku mpasuaji peke yake ndiye anayeona chini kule, na wakati mwingine hata yeye haoni bali anapapasa. Mara ya kwanza niliposimama kwenye upasuaji wa puru kwa kamera, taa zilipunguzwa, tumbo likajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, vyuma virefu vyembamba vikaingizwa kwenye matundu ya sentimita moja au nusu yake, na kwenye skrini ukatokea ule utando aliouandika Heald, mweupe, mwepesi. Neva zilionekana. Na tulizitazama sote: mtoa dawa ya usingizi, mwanafunzi wa mwisho, mimi na ubao wangu wa vyombo. Kovu dogo ni zuri, lakini faida kubwa niliyoiona siku ile ni kwamba mahali palipokuwa siri ya mtu mmoja pakawa darasa la chumba kizima.

Mgonjwa naye hupoteza damu kidogo, huumia kidogo, hutembea mapema, hurudi nyumbani mapema, na jeraha lake si rahisi kuoza. Kwa fundi au mama mboga hayo ni mapato. Utafiti uitwao COLOR II, uliowahusisha wagonjwa 1,044 katika nchi kadhaa na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 5 ya waliopasuliwa kwa kamera na asilimia 5 ya waliopasuliwa kwa njia ya wazi. Mwaka huohuo tafiti mbili, moja ya Marekani na moja ya Australia na New Zealand, zilipopima ubora wa kipande kilichotolewa, hazikuweza kuthibitisha kwamba kamera hailegezi kazi. Siuoni huo kuwa mgongano wa kumtia mgonjwa hofu. Unaonyesha kwamba kinachoponya ni kile kipande kizima kilichotolewa ndani, na kamera ni njia moja ya kukifikia. Mpasuaji mzuri mwenye kisu na taa ni bora kuliko mpasuaji asiyezoea mwenye skrini ya mamilioni. Na anayeanza kwa matundu, akaona pagumu, akafungua tumbo, hajashindwa. Amemchagua mgonjwa badala ya sifa yake.

Zipo njia nyingine. Gerhard Buess wa Ujerumani alianza mwaka 1983 kutoa vivimbe vidogo vya puru kwa kupitia njia ya haja yenyewe, bila kugusa tumbo, na hiyo kwa ugonjwa wa mwanzo kabisa ni rehema. Mwaka 2009 huko Barcelona, Patricia Sylla na Antonio Lacy waliitoa puru nzima kutokea chini. Dunia ikaikimbilia njia hiyo, mpaka Norway ikaisimamisha mwaka 2018 baada ya kuona saratani ikirudi upesi na kwa namna isiyo ya kawaida. Ipo pia roboti, ambayo katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 haikuonyesha waziwazi kwamba inaishinda kamera ya kawaida mkononi mwa aliyezoea. Nayataja haya kwa sababu mwenye pesa Nairobi huuzwa upya wa chombo. Upya pekee si dawa.

Jirani yangu wa Kawangware, anayeuza mboga karibu na steji ya 46, alinijia muda si mrefu baada ya msiba wa Okoth. Alikuwa hajafika miaka 40. "Sista, nikuulize jambo la aibu," akasema, na nikamjibu, "Uliza, mama, hapa hakuna aibu." Alipimwa kwa kidole juma lilelile, kisha kwa kamera ya utumbo, kinyama kikakatwa na kupelekwa maabara. Uvimbe ulikuwa chini, lakini haukuwa umetoka nje ya puru kwenda mbali. Alipewa mionzi na kemo kwanza ili uvimbe unywee, na hapo ndipo foleni ilipomtoa machozi kuliko ugonjwa wenyewe. Baadaye akapasuliwa kwa matundu. Puru ikatolewa, utumbo ukaunganishwa tena chini kwa mashine ya kushonea, na mfuko ukawekwa wa muda tu ili kiungio kipone. Miezi kadhaa baadaye mfuko uliondolewa. Anaenda chooni mara nyingi kuliko zamani, hasa asubuhi, na amejua vyakula vya kuepuka kabla ya kwenda sokoni. Analala bila hofu ya mfuko kupasuka. Nikimpita kwenye meza yake ya sukuma wiki namkumbuka baba mdogo na kipembe chake cha plaiwudi, na hasira hunipanda, kwa sababu tofauti kati ya watu hawa wawili haikuanzia kwenye kamera. Ilianzia kwenye glavu iliyovaliwa mapema.

Lakini kamera nayo ina gharama, na haijawafikia wote. Nimeona familia ikitumwa mjini kununua mashine ya kushonea utumbo wakati mgonjwa ameshaandikwa kwenye orodha ya kesho, na nimeona orodha ikipita bila yeye. Kwa miaka mingi mionzi ya umma ilikuwa Hospitali ya Kenyatta pekee, kabla ya kufika Mombasa, Nakuru na Garissa, na kabla hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta haijafunguliwa mwaka 2019. Wapasuaji waliozoea puru kwa kamera ni wachache, na ufundi huu haujifunzwi kwa video. Chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, kimekuwa kikifundisha vijana wetu, na Oktoba 2023 ilifunguliwa Kigali taasisi ya IRCAD ya kufundishia upasuaji wa matundu, tawi la ile ya Strasbourg. Kigali si mbali. Kaunti ya Nairobi na Wizara ya Afya zinaweza kuwalipia wapasuaji wetu waende, pamoja na wauguzi wao wa chumba cha upasuaji, maana chombo bila muuguzi anayekijua ni chuma tu. Na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilipe mashine ya kushonea na mifuko ya choo bila kumzungusha mgonjwa, kwa kuwa mfuko ni sehemu ya matibabu.

Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018 unapendekeza watu wa kuanzia miaka 45 wapimwe choo kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Tangu mwaka 2023 tuna wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao ya vipimo, Gatwekera ya Kibera na Gatina ya Kawangware. Kipimo hicho cha choo kiingie kwenye mikoba hiyo. Kitaiona damu ambayo giza la choo cha ploti huificha.

Nawe msomaji, ukiona damu kwenye choo, au choo chako kikibadilika kwa wiki tatu, usinunue vidonge vya amiba mara ya pili. Nenda kituo cha afya, Riruta au Mbagathi au kilicho karibu nawe, na useme kwa kinywa chako: nipime kwa kidole. Daktari akikataa, mwombe mwingine. Baba au ndugu yako akiona damu katika umri wowote, umri mdogo usikufariji. Okoth alikuwa na miaka 41. Na ikithibitika kuwa ni saratani, muulize mpasuaji, kwa adabu lakini bila woga, amefanya upasuaji wa puru mara ngapi, kama mfuko utakuwa wa muda au wa kudumu, na atafanyaje kuzilinda neva. Mpasuaji mzuri atakaa chini akujibu. Jisajili SHA leo kwa *147# kabla ya kuugua, na umsajili na mzee wako.